Tete Lenye Fundo Kwenye Njia Panda

Saa nne na robo asubuhi, Alipio Wanas alisikia filimbi ikilia bondeni, dhaifu, kama ya mtu aliyeishiwa pumzi. Kazi yake katika mbio za milima ya Benguet, kaskazini mwa Manila, ilikuwa kutembea nyuma ya mkimbiaji wa mwisho, akifungua tepe za njia na kuokota taka. Watu walimtania kuwa ndiye bingwa wa kushika mkia, naye alikuwa na umri wa kutosha kutojali.

Alishuka kwa kamba katikati ya mvua na ukungu. Chini, kwenye tope la maporomoko, alimkuta Jovelyn Kitani, mshindi wa miaka minne mfululizo. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti.

"Mjomba, umechelewa," alisema, meno yakigongana. "Napuliza tangu saa mbili."

"Na huku ulifuata nini? Tepe zinaelekea kushoto."

"Niliona pudong njiani. Nikazunguka kwa njia ya zamani, ardhi ikaondoka na mimi."

Alipio akaita machela kwa redio. Pudong ni tete lenye jani lililofungwa fundo. Likisimikwa njiani, pana msiba au tambiko, na mtu wa huku halivuki hata kama mbele kuna tiketi ya kwenda kukimbia Japani, zawadi ya mshindi wa mwaka huu.

Machela ilipoondoka, alipanda hadi njia panda, mita mia nne kupita kituo cha kilomita ya kumi na nane. Tete lilikuwapo, limevunjika katikati, lina alama ya soli ya kiatu. Akatazama huku na huku: kuvu za mitini, kangaga, na mianzi mifupi. Matete hayaoti juu kiasi hicho. Kuna mtu alilibeba kutoka kijijini.

Saa saba mchana, kwenye mstari wa kumalizia, watu walikuwa wameshampata mkosaji wao. Rocelle Abueva wa Manila, wa pili kwa miaka mitatu, leo alikuwa wa kwanza.

"Miaka mitatu anakula vumbi la Jovelyn, leo kashinda ghafla?" mmoja alipayuka. "Avuliwe hiyo medali!"

Alipio alimvuta Rocelle pembeni.

"Pale njia panda uliona nini?"

"Tepe, mzee. Na kijiti cha majani kilichonikwaruza goti. Nikakikanyaga nikapita."

"Unakijua ni cha nini?"

"Kijiti? Cha nini tena?"

"Una wivu na Jovelyn?"

"Ninao, tena mwingi!" Machozi yakamtoka. "Lakini nilitaka nimpite nikimwona mgongo. Medali ya hivi nitamwonyesha nani?"

Alipio alimwamini. Mtego ule ulimnasa anayeheshimu pudong, na aliyeutega alijua hivyo. Aliomba karatasi za vituo. Kituo cha kumi na nane: Jovelyn, saa moja na dakika ishirini na tano, Rocelle, saa moja na dakika arobaini na moja. Daftari la redio lilionyesha kuwa saa mbili na dakika mbili vituo vyote vilitangaziwa kwamba wa kwanza kufika kilomita ya ishirini na moja ni Rocelle. Msimamizi wa kituo cha kumi na nane alijibu neno moja: "Sawa."

Msimamizi huyo alikuwa Minda Kitani, dada mkubwa wa Jovelyn.

Alimkuta nyuma ya shule, anakunja turubai. Kando yake palilala ukuta wa matete aliobeba jana mgongoni kuzuia upepo kituoni. Zahanati alikolazwa Jovelyn ilikuwa ng'ambo ya barabara tu.

"Hujaenda kumwona mdogo wako?"

"Nina vitu vya kurudisha, mjomba."

Alipio alitoa lile tete lililovunjika kwenye gunia lake la taka, akalilaza juu ya mengine. "Huko juu hakuna mwingine aliyekuwa na matete. Lakini hilo si kubwa. Jovelyn alipita kwako akiongoza, kisha redio ikasema Rocelle ndiye wa kwanza. Dada mtu angepiga kelele: mdogo wangu yuko wapi? Wewe ulisema sawa."

Minda aliachia turubai.

"Nilitaka apoteze saa moja. Saa moja tu! Sikujua kama njia ya zamani imeporomoka."

"Na ulipoona kimya?"

"Nikaogopa." Sauti ikampanda. "Tiketi ya Japani kama hii niliwahi kuishinda mimi, miaka kumi na moja iliyopita. Nilikuwa na mimba, baba akaniambia nikae nyumbani. Jovelyn alianza kukimbia na viatu vyangu, nikimfundisha mimi! Leo nikipita watu wanasema, yule dada yake Jovelyn. Mimi sina jina, mjomba?"

Alipio alimwonea huruma, akakasirika kwa kumwonea huruma.

"Daktari anasema mguu utaunga, lakini mbio za milima basi tena," alisema. "Na Jovelyn hajauliza nani kalisimika. Hilo halijamwingia kichwani."

"Kauliza nini?"

"Tulipokuwa tunamfunga kwenye machela, aliniuliza nani amefiwa. Anataka, akipata nafuu, mwende pamoja mkawape pole."

Minda alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Ulimjibu nini?"

"Kwamba nitauliza. Polisi wanasubiri getini, nimewaomba wakupe dakika kumi. Vuka barabara, kamjibu wewe."