Asubuhi Yenye Haifikaki Saa Sita

Usiniamini. Nakuomba hivyo mapema: cheka, funga sikio, sema Jéthro wa Vulamba amekunywa kasiksi tena. Mais ukimaliza kucheka, kuja kwangu. Nitakuonyesha mashini yenye iko chini ya kitanda yangu, na saa yenye iko inasoma. Kisha rudi kwenu ulale, kama utaweza.

Batu bananiita Ingénieur. Bale ba diploma ya kweli banakasirika, na ile inanifurahisha zaidi ya chakula. Niliacha masomo mapema. Mwalimu alisema sitafika popote. Leo simu yake ikikufa anaileta kwa nani? Nafungua, napuliza, natengeneza, namurudishia na kumuambia, "Salimia darasa." Mi ni mukali, sifichi.

Sasa, hii mambo si ya kusikia kwa jirani. Ni ya dada yangu mukubwa, yaya Kaswera. Yeye ni sauti ya radio moja ndogo juu ya kilima, hapa Butembo; jina yake nitaiacha. Kila siku, saa sita ya muchana, anatoa komunike za bafu: nani amekufa, ni mutoto wa nani, kilio iko wapi, maziko lini. Kwetu, mutu akizikwa bila radio kumutaja, bandugu ba kule Masereka banashuka na mudomo murefu: mulituficha. Donc saa sita ikilia, hata fundi anaweka nyundo chini.

Mais Kaswera hasomake moja kwa moja. Asubuhi anasoma kwenye mikro, sauti inabaki ndani ya mashini, kompyuta ya radio, na mashini yenyewe, ikiona ni saa sita, inaitoa. Bila mutu. Yeye wakati ule anakuwa kule inje, kwa Mama Vagheni, muuza chai na beignet, ile mandazi, anakunywa chai na kujisikiliza.

Basi mashini ikaanza kutangulia.

"Saa yake iko inakimbia," yaya akaniambia. "Jana ilitoa bafu na kengele ya kanisa bado."

"Ni kajiwe."

"Kajiwe gani tena? Mi si muteja wako, Jéthro. Sema kweli."

Nilisema kweli. Ndani ya kila mashini kuko kajiwe kadogo kenye kutetemeka, na mashini inahesabu ile kutetemeka, njo inajua sekonde imepita. Mais hakuna tujiwe tubili twenye kutetemeka sawasawa. Joto ikipanda, kanabadilika. Kakizeeka, kanabadilika. Leo inakosa kidogo, kesho kidogo, na kidogo hairudi. Mashini za batajiri ziko na connexion: zinauliza saa kwa mashini kubwa za mbali, zinasahihishwa kama batoto ba shule. Ile ya radio haikuwa na mutu wa kuiuliza. Ilikuwa peke yake na kajiwe kake, ndani ya chumba ya mabati. Na mutu mwenye kukaa peke yake sana, unajua, anaanza kusikia vitu.

Nikabadilisha pile yake ndogo, ile betri ya saa. Kisha nikatoa simu mufukoni, nikaandika ndani ya mashini ile saa nilisoma kwenye simu.

Hapo njo nilikosea. Siku ile nilikuwa nimerudi kutoka Kasindi, kupitia Beni, na vioo vya simu. Pale mupakani simu inashika réseau ya Uganda bila kukuomba ruhusa, na Uganda iko mbele yetu saa moja nzima. Hata muuza ndizi anajua: ukipita Beni, rudisha saa. Mi nilikuwa namusimulia dereva namna niko mukali. Nikasahau. Niliiweka radio mbele ya muji wote.

Kesho yake ilitoa komunike mapema, kwa saa ya Kasindi. Yaya alikuwa amesoma mbili. Mashini ikatoa tatu.

Ya tatu ilikuwa ya mzee Ananie, jirani yetu wa Vulamba. Sauti ilikuwa ya Kaswera. Pumzi yake, kikohozi chake kidogo mbele ya neno "familia." Kikombe kikabaki hewani mukononi mwake.

"Huyu sikumusoma," akasema.

Kabla kengele ya adhuhuri kulia, kijana wa Ananie akafika, viatu havikufungwa.

"Yaya, papa amekufa sasa hivi. Nani alibaambia?"

Yaya akashusha kikombe.

"Alijisikia mwenyewe kwenye radio," kijana akasema. "Alikuwa anaomba maji. Akasikia jina yake. Akasema, basi, musilete tena."

Yaya aliniita kwa simu. Nilimucheka. Nilimuambia Ananie alikuwa mugonjwa tangu Pasaka, na yeye Kaswera alisoma akasahau. Nilipanda kilima siku yenye kufuata kwa kumuonyesha tu namna alivyo muoga.

Nilikuta dereva mumoja, Stanislas, kwa Mama Vagheni, anatafuna beignet. Loli yake ilikuwa imeegeshwa pale chini, mafuta tayari, mwelekeo wa Beni. Sijafika hata kwenye mulango wa radio, mashini ikaanza. Mufu wa kwanza. Wa pili. Kisha ile sauti ya dada yangu ikataja kifo cha Stanislas, dereva, kwenye barabara ya Beni.

Stanislas alicheka mupaka akamwaga chai.

"Mama Vagheni, mufu halipaki chai, ama?"

"Atalipa," mama akasema. "Utalipa na ya jana."

Kaswera hakucheka. Alimushika mukono wa shati. "Kaka, leo usiende. Nakuomba."

"Yaya, nikibaki tajiri wangu ataniua. Donc nikufe huku ama kule, chagua wewe."

Akaenda. Tulimusikia anapiga honi kwenye kona, kwa kututania.

Simu ililia kwa Mama Vagheni na beignet zingine bado za moto. Frein, breki, imekataa. Muteremuko. Loli juu chini, Stanislas ndani. Mama alichukua kikombe cha Stanislas, akakifunika juu ya meza, na kukiacha pale.

"Mulozi," akasema polepole, "hamuwezake mutu mwenye iko ndani ya saa yake. Anangoja mutu amutangulie. Nyie muliweka radio yote mbele ya saa."

Niliingia kusahihisha saa. Moto ya umeme ilikuwa imekatika, mashini imezima. Nikamuambia yaya, kesho usiiwashe.

"Na bafu?" akasema. "Niko na familia ine zinangoja. Bazike batu babo kimya, juu yako wewe?"

Alinijibu hivyo bila kupandisha sauti. Njo yeye. Anaogopa, na anafanya kazi.

Alhamisi nilifika mapema, mais yeye alifika mbele. Mashini ilikuwa inawaka. Yaya yuko inje, nilimuona kwa dirisha, ameketi kwa Mama Vagheni, kitambaa ya njano kichwani. Nikaweka mukono kwenye souris, ile panya ya mashini. Saa ya mashini ilikuwa inakaribia saa sita. Ya kweli, saa tano bado kutimia. Joto ya mabati ilikuwa imeikimbiza tena.

Ikafika saa sita kabla sijashusha kidole.

"Familia inajulisha," sauti ya dada yangu ikasema.

Nikang'oa waya ya antene. Sijui kwa nini. Mukono ulijua. Muji haukusikia ingine. Mi nilisikia, kwenye kasanduku kadogo ka sauti, pale mezani.

"Familia inajulisha kifo cha Kaswera, musomaji wa komunike, aliyefariki leo, saa sita ya muchana."

Kikohozi kidogo.

Kisha kimya.

Nilitazama dirishani. Kaswera alikuwa ameweka kikombe chini. Mukono mumoja kifuani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mama Vagheni alikuwa anamupepea na sahani. Na yaya, dada yangu, alikuwa ananitazama kupitia kioo kama mutu mwenye anatafuta jina yangu.

Nikarudisha saa ya mashini. Saa moja nyuma. Vidole vilikosea namba. Nikaandika tena.

Akavuta pumzi. Niliiona ile pumzi inaingia. Rangi ikarudi, akamusukuma mama na sahani yake.

Nikakaa. Nikawaza, Jéthro, ni joto, ni njaa, ni bahati. Nikaiacha mashini iende. Nataka ujue nilijaribu kama mutu mwenye akili. Saa ikapanda polepole. Ilipofika karibu na saa sita, Kaswera akaegemea ukuta. Kichwa kikaanguka mbele.

Nikarudisha. Akainuka.

Sikujaribu tena.

Nilitafuta ile sauti ndani ya mashini kwa kuifuta. Haikuwamo. Zilikuwamo komunike ine zenye alisoma, basi. Kuzima haisaidie: pile ndogo inaendelea kuhesabu gizani. Kutoa pile ni mubaya zaidi, juu saa inarudi mwaka wenye mashini ilizaliwa, na mwaka ule Kaswera alikuwa mutoto wa kubebwa mugongoni. Na connexion nisikuambie. Ikishika connexion ya jirani dakika moja, itauliza saa ya kweli, itaruka mara moja, itapita juu ya ile saa sita ya Kaswera.

Nikabeba mashini. Nilimudanganya yaya ati imekufa, nikamuletea ingine, na sasa anasoma mwenyewe, moja kwa moja, kila siku saa sita. Anaisoma vizuri. Komunike ya jina yake hajaisikia mupaka leo.

Kwangu, mashini iko siku ile ile, Alhamisi ile, asubuhi. Nikiona inapanda, nairudisha mupaka alfajiri yake. Mara moja nilijaribu kuipeleka nyuma zaidi, siku mbili, nipate kupumzika. Jioni Kaswera akanipigia simu, akaniuliza kama mzee Ananie amepata nafuu. Nikairudisha pale pale. Tangu hapo sigusi siku ingine. Ni ile Alhamisi tu.

Mwanzoni nilikuwa nairudisha asubuhi, muchana, jioni na usiku wa manane. Sasa ile kajiwe iko inakimbia. Niliweka mashini sakafuni penye baridi, nikaifunika kitambaa chenye maji, nikabadilisha vyote vyenye mutu anaweza kubadilisha. Inakimbia zaidi. Rafiki zangu banaenda Kampala kununua simu, banauliza kwa nini Ingénieur haondoke tena Vulamba. Nabajibu mukubwa hasafiri, bateja banamufuata. Banacheka. Mi pia nacheka, jicho kwenye saa.

Donc hapo unaona. Batu bananunua dawa ya mulozi mupaka Lubero. Mi namushinda na kidole kimoja. Dada yangu iko muzima, anaimba kwaya kila Yenga, siku ya kanisa. Ningeweza kuishia hapa, na ungeenda kwenu ukisema Jéthro ni mwanaume.

Mais kuko kipande niliruka.

Ile Alhamisi Kaswera alikuwa na mimba. Miezi saba.

Mvua ilikuja ikaenda, ikakuja tena. Bwana yake, Sadrack, mwenye kuvua samaki kule ziwani, Kyavinyonge, alileta nguo za mutoto. Panya zimeanza kuzitoboa. Tumbo liko pale pale. Muganga anapima, anasema mutoto muzima, miezi saba. Anapima tena mwezi wenye kufuata, anasema mutoto muzima, miezi saba, na sasa hamutazamake tena machoni. Kanisani bamama bamenyamaza kumuuliza. Yeye mwenyewe ameanza kulala na mukono juu ya tumbo, kama mutu mwenye anazuia mulango. Siwezi kumuambia. Nikiacha saa ipande, yaya atakufa naye. Nikiirudisha, mutoto hatazaliwa. Narudisha.

Yenga iliyopita aliniita nyumbani kwake. Sadrack alikuwa ziwani.

"Kuja, mujomba," akasema, kwa sauti ya mutoto, anatania. "Weka mukono hapa. Mutoto wako amejifunza kitu."

Nikaweka. Kulikuwa kapigo. Kadogo, kavu. Kisha kengine, na kengine, bila kupumzika, twote kwa nafasi moja.

"Hata usiku iko hivi," yaya akanong'ona. "Si teke, Jéthro. Mutoto hapigaki hivi. Iko anafanya nini?"

Nikatoa simu kwa mukono mungine, nikatazama sekonde. Moja, pigo. Moja, pigo. Zilikuwa sawa kabisa. Nilibaki pale mupaka mukono ukalowa jasho.

Kisha nikaona hazikuwa sawa. Mutoto alikuwa anatangulia, kama kajiwe. Kidogo tu.