Boya la Mbali

Kilichotangulia ni shombo. Mtabiri wa hali ya bahari alifungua mlango wa ofisi yake alasiri ile, akakutana na uvundo wa samaki aliyeoza, na ndani ya uvundo huo utamu fulani wa kuchefua, kama kidonda kilichofungwa kitambaa muda mrefu. Tangu asubuhi alikuwa kikaoni na wakubwa wa bandari, wale wanaopenda kuuliza kimbunga kitaondoka saa ngapi, utadhani kimepanga chumba. Alifungua dirisha. Mvua ikampiga usoni, akalifunga upesi, harufu ikabaki ndani pamoja naye.

Chai aliyoiacha mezani ilikuwa imefanya utando. Akaionja bila kuangalia, kitu kikateleza juu ya ulimi. Akatema kiganjani. Ulikuwa unywele mrefu, na si wake.

Aliufuta mkono kwenye sketi na kukaa mbele ya skrini, kwa sababu huko bahari kuu kulikuwa na watu. Maboya yote yaliyozungukwa na kimbunga yalikuwa yakituma vipimo vya kutisha, mawimbi ya mita tisa, mengine kumi na moja, na mistari yao kwenye skrini ilikwenda juu na chini ovyo. Boya moja tu, lile wanaloliita boya la mbali, lilikuwa na mstari laini, unaopanda taratibu na kushuka taratibu. Upepo mwanana. Mawimbi nusu mita.

Redio ikakoroma. Alikuwa mdogo wake, nahodha wa meli ndogo ya mizigo, ndugu yake wa pekee, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao afariki.

"Dada, mashine inakohoa. Sitaweza kukizunguka kimbunga. Nikikata njia pale kwenye boya la mbali, kukoje?"

"Linaonyesha nusu mita."

"Nusu? Mimi hapa napigwa na mita nane."

"Labda ni jicho la kimbunga."

Alijua anachosema hakina maana. Kwenye jicho upepo hulala, lakini mawimbi hayalali. Yanakuja kutoka kila upande na kugongana kama maji ya sufuria inayochemka. Kazi yake yote ilikuwa kujua mambo kama hayo. Lakini alimsikia mdogo wake akihema kwenye redio, na moyo wake ukaitaka ile nusu mita kuliko kitu chochote duniani.

"Pita hapo," akasema.

Hata hajaweka redio chini, mlango ukasukumwa kwa kiwiko. Alikuwa fundi wa maboya, mzee waliyemzoea kwa jina la Patasi, mikono ameitanua mbali na mwili wake, inadondosha ute.

"Bosi, shuka karakana uone. Boya lako limenishinda."

"Boya gani, mzee?"

"Hilo la mbali. Lilikata mnyororo, boti ya doria ikalivuta hadi hapa asubuhi. Hukuambiwa?"

"Usinitanie leo. Linatuma vipimo sasa hivi."

Patasi aliitazama skrini. Sauti yake ikashuka. "Betri yake nimeitoa mwenyewe. Iko juu ya meza yangu."

Walishuka ngazi wakiwa wameziba pua, na kule chini, kwenye saruji kavu, boya la njano lenye ukubwa wa tangi la maji lilikuwa limelala ubavu, limefunikwa kome kuanzia juu hadi chini, nalo lilikuwa likitutumka na kunywea, likitutumka na kunywea, na kila lilipotutumka kome wote walifungua midomo kwa pamoja na kutoa povu la rangi ya usaha, na liliponywea wakafunga, taratibu, kwa mwendo uleule wa mstari wa kule juu, hata mtabiri akahisi tumbo lake mwenyewe linapanda na kushuka nalo. Patasi akambandua kome mmoja kwa ncha ya chombo chake. Ndani, mahali pa nyama, palikuwa na ukucha wa mtu wenye uchafu chini yake. Akambandua mwingine. Ukucha wa huyu ulikuwa umepakwa rangi.

"Nimekwangua kutu maisha yangu yote," Patasi akanong'ona. "Hii si kutu. Hili ni jini, bosi, na watu hawa limewala."

Mtabiri alitapika palepale, kisha akapanda ngazi mbio, matapishi bado kidevuni.

"Geuza! Usipite kwenye boya! Mdogo wangu, unanisikia? Geuza!"

"Tumeshafika, dada," redio ikajibu. "Pametulia kweli. Naliona boya lenyewe. Mbona linanuka hivi?"

Redio ikazimika. Huko chini kitu kikapasuka, na Patasi akaita kwamba boya limefunguka, na ndani hamna kitu, na ute unaelekea baharini.

Kulipokucha meli ilikuja, imelalia upande mmoja, watu wote wakiwa hai. Mpishi wa meli ndiye aliyesimulia: wimbi lilimzoa nahodha, wakamlilia, kisha wakamwona anapanda ngazi ya ubavuni peke yake. Mpishi alisimulia akiwa amesimama mbali naye, kitambaa puani.

Ofisini, nahodha alimkumbatia dada yake. Mtabiri alilia kwa furaha, furaha ya kweli, huku amebana pumzi. Vidole vilivyomshika bega vilikuwa vyeupe, laini, na havikuwa na kucha hata moja.

"Zimebaki kwenye ngazi," nahodha akasema. Akajitupa kwenye kiti cha ofisi, akalala.

Patasi alifika mlangoni, hakuingia. Hakumtazama nahodha. Alitazama skrini, na mtabiri akageuka kuangalia anachokiangalia. Vipande vya boya la mbali vilikuwa chini, kwenye pipa la vyuma chakavu. Mstari wake ulikuwa ukipanda taratibu na kushuka taratibu. Nahodha akakohoa usingizini, na mstari ukaruka. Kifua chake kikatulia, mstari nao ukatulia.

"Bosi," Patasi akanong'ona, "toka humo."

Nahodha alikuwa bado amefumba macho. Midomo yake ikafunguka taratibu, povu likachungulia pembeni.

"Boya la mbali linasemaje, dada?"

Mtabiri alimtazama mtoto aliyemlea.

"Limetulia," akamjibu, akaenda kuufunga mlango, Patasi akiwa nje.