Siri ya Dereva Ojakol

Likizo ilipoanza, kazi ya Amuge ilikuwa moja: kila mchana alimpelekea baba yake, dereva Ojakol, chakula kwenye foleni ya malori. Nyumbani kwao Malaba hapakuwa mbali, lakini Ojakol hakuthubutu kuja kula. Malori yalijipanga kilomita nzima kuelekea mpakani, na dereva aliyeliacha lake foleni ikasogea, alipitwa na wote, akarudishwa mkiani.

Siku ya tatu Amuge alimkuta baba yake amejikunyata kwenye usukani. Jua lilikuwa kali ajabu, lakini Ojakol alitetemeka hadi meno yakagongana.

"Baba, ni malaria?"

"Ni homa tu." Akashuka kwa shida, akaenda nyuma ya lori. Amuge alimsikia akiugulia maumivu. Aliporudi, alikwepa macho ya bintiye. "Mkojo unanisumbua. Ni mambo ya wanaume haya, usimwambie mama yako. Dawa nimenunua."

Dawa yenyewe! Vidonge viwili ndani ya kijikaratasi, alivyouziwa na mchuuzi wa barabarani.

Amuge alirudi nyumbani. Aliosha sufuria moja mara mbili. Alikaa, akasimama, akachungulia barabarani, akakaa tena.

"Baba yako amekula?" mama yake aliuliza.

"Amekula," Amuge alidanganya.

Kesho yake asubuhi hakungoja kutumwa. Alikimbia. Foleni ilikuwa imesogea, lori la Ojakol limebaki palepale, na honi zilipigwa kwa hasira. Ndani, baba yake alikuwa ameshika tumbo chini ya kitovu.

"Mkojo umekataa kabisa, mwanangu," alisema kwa sauti ya kukata tamaa.

Siri gani tena hapo? Amuge alikimbilia lori la nyuma, akamweleza dereva wake, Mutwalibu, kila kitu.

"Lo! Mimi nilidhani amelala!" Mutwalibu akaruka chini. "Ojakol, twende hospitali."

"Amuge! Nilikuambia nini?" Ojakol alifoka. "Na gari nimwachie nani?"

"Mimi! Nitasogeza lako, nirudi kwa miguu nisogeze langu. Anayetaka kukupita, anipite mimi kwanza. Wee mzee, mficha maradhi kifo humuumbua. Panda boda!"

Hospitalini, Ojakol alimwona Daktari Benedetta akasitasita. "Hakuna daktari mwanaume?"

"Leo hayupo, mzee, na ugonjwa wako haungoji."

Walimtoa mkojo kwa mpira, wakaupima pamoja na damu, wakampa dawa kwa sindano na kumlaza. Amuge alikimbia kumwita mama yake, na mama alipofika akihema, daktari aliwaeleza wote bila kuficha.

"Kila mwanamume ana tezi dume, kitezi kidogo chini ya kibofu. Bakteria wakiingia, inavimba na kubana njia ya mkojo. Hajarogwa, wala hii si saratani. Hata vijana huugua hivi. Lakini vidonge viwili vya barabarani haviponyi. Atameza dawa wiki nne, hata maumivu yakiisha siku ya tano. Anywe maji ya kutosha, na asibane mkojo."

Siku ya sita Ojakol alijiona mzima, akataka kuacha dawa. Mkewe alimtilia vidonge mkononi, naye akameza. Wiki nne zilipokwisha, alipimwa tena, akaonekana amepona.

Jioni hiyo alimwita Amuge mbele ya mama yake. Amuge alisimama akisokota ncha ya gauni, akingoja kugombezwa.

"Nilikufokea kwa kusema," Ojakol alisema, "na kumbe bila wewe ningekufa kwenye usukani kwa kuogopa aibu. Ugonjwa si aibu. Mimi ndiye niliyekosa, kukubebesha mtoto siri kama ile. Mtu mzima akikuambia ufiche maradhi yake, usimtii. Hata akiwa ni mimi."

Amuge aliangua kilio cha faraja, wala hakukificha.