Bibi Losa Hayumo Kitabuni

Kila siku masomo yalipoisha, Umuhoza alipita nyumbani kuweka begi, akala viazi vyake akiwa amesimama, kisha akashuka mteremko mbio hadi nyumba ya jibini ya Mama Thacienne. Kijijini Muheto, katika milima ya Masisi, kila mtu alijua kwamba saa nane mchana si saa ya kumtafuta Umuhoza kwao. Mama yake alikwisha kukata tamaa. Mtu akimuulizia, alimwonyesha tu njia ya kushuka.

Ndani ya nyumba hiyo ya mbao kulikuwa na rafu kutoka chini mpaka darini, na juu ya rafu jibini za duara zilipangwa zikingoja kukomaa. Kila moja ilipaswa kugeuzwa na kupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, leo upande huu, kesho upande ule. Ni kazi inayoshughulisha mikono na kuyaacha masikio bure. Ndiyo maana wanawake wanne wa pale walimpenda sana Umuhoza: yeye aliwasomea.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na Kifaransa chake kilikuwa kizuri. Mwalimu Honoré alikuwa na sanduku la vitabu shuleni, na ndani yake mlikuwa na vitabu viwili vya hadithi ndefu iliyoitwa Mlima Unaotembea. Hadithi inamhusu Sela, msichana anayeishi juu ya mlima ambao kila usiku unanyanyuka na kuhama, na watu wake wanaamka asubuhi katika nchi wasiyoijua. Sela na kaka zake wawili wanatafuta jiwe la kuutuliza. Umuhoza alisoma sentensi ya Kifaransa kimoyomoyo, kisha akaitoa kwa Kiswahili kwa sauti. Watu wa Masisi wamezoea kuona, mvua ikizidi, kipande cha mlima kikishuka na shamba la mtu, kwa hiyo hawakushangaa sana.

"Mulima ya kwetu nayo inatembea," alisema Mama Jeannette, ambaye hakosi neno. "Inakosa tu muntu wa kuiandika."

Kitabu cha kwanza kiliisha salama. Cha pili kilipata ajali. Siku moja Umuhoza alikiweka ukingoni mwa ndoo ya maji yale yanayobaki maziwa yakishaganda, akageuka kufunga kamba ya kiatu, nacho kikatumbukia. Alikitoa haraka akakificha chini ya sweta, na nyumbani akakianika juu ya jiko. Kilikauka, lakini kurasa kama ishirini za katikati zilishikana kama ugali uliolala.

Hapo alipaswa kumwendea Mwalimu Honoré na kusema ukweli. Aliogopa. Sheria ya sanduku ilijulikana: anayeharibu kitabu haazimwi kingine. Tena wanawake walikuwa wanangoja kujua Sela atavukaje Bonde la Ukungu, na Bonde la Ukungu lote lilikuwa ndani ya kurasa zile. Basi siku iliyofuata Umuhoza alikifungua kitabu mahali paliposhikana, akazikazia macho karatasi, akaanza kutunga.

Alimtunga Bibi Losa, mwanamke mzee anayekaa peke yake bondeni na ng'ombe mwenye pembe moja. Bibi Losa alitengeneza jibini ambayo ukiikata haipungui. Aliwagombeza chui jinsi Mama Jeannette anavyowagombeza mbuzi wa jirani. Sela alipofika amechoka, bibi alimnywesha maji ya maziwa akapata nguvu, na mwisho akampa yule ng'ombe wake mmoja ambebe mpaka ng'ambo.

Habari za Bibi Losa zilichukua siku tano. Siku ya tano hakuna jibini iliyogeuzwa, na Mama Jeannette alilia machozi kwenye kitambaa cha chumvi. Tangu hapo jina la Losa likaenea. Mtoto wa ng'ombe mkaidi aliitwa Losa. Mtu akiwa mkarimu aliambiwa amefanya kama Bibi Losa. Umuhoza alifurahi na kuona aibu kwa pamoja, na kwa kuwa furaha ilikuwa kubwa zaidi, alinyamaza.

Wiki chache baadaye Bibiche alifika. Alikuwa mpwa wa Mama Jeannette, ametoka Kibua, upande wa Walikale, kuja kumalizia darasa la sita. Alikaa dawati moja na Umuhoza na mchana alifua vitambaa kwenye nyumba ya jibini. Kaka yake mkubwa, Patient, alikuwa mwalimu kule Kibua na alikuwa na Mlima Unaotembea vitabu vyote vitatu. Wasichana hao wawili walielewana siku ya kwanza, na siku ya pili walikuwa tayari wanabishana kuhusu nani kati ya kaka za Sela ni mjinga zaidi.

Kisha Papa Hubert mwenye duka akaleta jambo jipya. Alikuwa na televisheni kubwa na paneli za sola juu ya paa, na safari hii alirudi kutoka Goma na Mlima Unaotembea wa televisheni, vipindi vyote. Jumapili baada ya ibada dukani hapakuwa na pa kuweka mguu. Mwanzoni kabisa, kabla ya muziki, maneno meupe yalitokea juu ya kioo cheusi.

"Inasema nini pale?" aliuliza Mama Thacienne, mwenye nyumba ya jibini, ambaye hajui kusoma na huuliza kila kitu. Watoto walimsihi anyamaze, muziki ukaanza, na swali lake likapotea.

Vipindi vya kwanza vilipendeza. Kaka wawili wa Sela walikuwa wamefanywa kaka mmoja. Watu walinung'unika kidogo, kisha wakasamehe kwa sababu huyo mmoja alikuwa kijana mzuri. Jumapili ya tatu ikawa zamu ya Bonde la Ukungu. Wanawake wa jibini walikuja wamevaa vitenge vya sikukuu na kukaa mstari wa mbele. Sela akaingia kwenye ukungu. Akatembea. Akaanguka, akaamka, akatembea tena, akatokea ng'ambo peke yake. Kipindi kikaisha.

Mama Jeannette alisimama mbele ya televisheni mikono kiunoni. Alitaka kujua Bibi Losa wamemweka wapi. Mwingine alisema Papa Hubert ameruka sehemu. Mwingine, kwamba huko Goma wamemuuzia kitu pungufu. Maskini Papa Hubert alirudisha kipindi nyuma mara mbili, na mara zote mbili Bibi Losa hakutokea.

Bibiche aliinua mkono kama yuko darasani. "Mama mudogo, hata mu kitabu hayuko," alisema kwa upole. "Nilisoma kwa kaka Patient. Sela anapita peke yake."

Duka lote likamgeukia Umuhoza. Mama Jeannette akamuuliza, "Umuhoza, weye njo ulitusomea. Iko ao haiko?"

Umuhoza aliona nyuso zile zote zinazomwamini.

"Iko," alijibu.

Neno hilo moja lilitosha. Mama Jeannette alimwambia mpwa wake kwamba Muheto hawapendi watoto wa kusema uongo mbele ya wakubwa, na akamtuma nyumbani akapike. Bibiche aliondoka.

Kesho yake Mwalimu Honoré, aliyekuwa amesikia kelele za dukani, aliona hapo kuna somo. Aliwaomba wanafunzi waandike tofauti tatu kati ya kitabu na televisheni. Yeye mwenyewe hakuwa amevisoma vitabu hivyo. Ni mtu wa hesabu, hadithi ndefu zinampa usingizi. Karibu madaftari yote yaliandika kwanza kwamba televisheni imemwondoa Bibi Losa.

Bibiche aliandika mengine. Aliandika kwamba kaka wawili wamekuwa mmoja. Aliandika kwamba kitabuni mlima unatembea usiku, bali kwenye televisheni unatembea mchana, labda ili watazamaji wauone. Na aliandika kwamba kitabuni Sela anaogopa toka mwanzo mpaka mwisho, msomaji anajua kwa sababu anaambiwa mawazo yake, lakini kwenye televisheni uso wake hauonyeshi woga. Mwalimu alisema hiyo ni kazi ya mtu aliyesoma kweli. Lakini mvulana mmoja wa nyuma aliuliza iwapo mwongo anaweza kusoma kweli, na darasa likacheka. Mwalimu akawanyamazisha, akamwagiza Umuhoza alete kitabu kesho, ili ukurasa wenyewe uamue.

Njiani Bibiche alisema maneno matatu tu. "Weye unajua, Umuhoza." Kisha akapita njia ya juu, njia ambayo hakuwahi kuipita peke yake.

Mchana ule Umuhoza aliingia kwenye nyumba ya jibini akiwa na kitabu ndani ya mfuko. Usiku uliopita, baada ya kelele za dukani, alikuwa amejaribu kuzibandua kurasa kwa kucha, mmoja ukachanika. Alikuwa ameshaandaa maneno ya kumwambia mwalimu: kwamba ndama amekitafuna. Ndama yule yule aitwaye Losa.

Bibiche hakuwepo. Ni desturi pale kwamba jibini zikikatwa, vipande vya pembeni hugawiwa watoto waliosaidia. Mama Jeannette aligawa, na alipofika kwa Umuhoza alimwekea viwili mkononi.

"Kamata na cha Bibiche," alisema. "Muongo hapana kula fromaji ya hapa."

Umuhoza alikitazama kipande cha pili. Kile cha kwanza kilikuwa tayari mdomoni na hakikutaka kushuka. Akakitema kiganjani, akaomba Bibiche aitwe. Wanawake walidhani anataka kumgombeza. Bibiche alipofika na kusimama mlangoni, Umuhoza alitoa kitabu mfukoni akakiweka juu ya meza ya kukatia, kimefunguka pale kilipovimba.

"Kiliingia mu ndoo," alisema, akagusa kurasa zilizoshikana. "Hizi paji sikuzisoma hata moja. Bibi Losa nilimutunga mimi. Bibiche alisema kweli, mimi njo nilidanganya. Bibiche, unisamehe."

Alilia sana, na hakujificha. Mama Jeannette alikaa juu ya kiti polepole. "Kumbe nililia bure," alisema. Kisha akakumbuka aliyemkosea zaidi, akasimama, akachukua kile kipande cha pili na kumpelekea Bibiche mlangoni kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyompa mgeni wa heshima. Alimwomba msamaha mbele ya wote.

Ndipo Mama Thacienne akauliza swali lake la Jumapili ya kwanza: yale maneno meupe ya mwanzo yalisema nini. Bibiche alimweleza kwamba yalisema hadithi imetungwa kutokana na vitabu, lakini mambo mengine yamebadilishwa.

"Balisema mbele ya kuanza?" aliuliza Mama Thacienne.

"Ndiyo, Mama. Kila kipindi, kabla ya muziki."

Mama Thacienne alimvuta Umuhoza karibu, akamfuta uso kwa ncha ya kitenge chake. "Unasikia, mutoto wangu? Wale batu balikata kaka mumoja, balitembeza mulima muchana, na hakuna mwenye kubaita baongo. Sababu balisema. Kutunga haiko mubaya. Bibi Losa iko muzuri. Lakini sisi hatujui kusoma, tunaona kitabu kwa macho yako. Ukitudanganya, umetufunga macho. Tena ulisema iko, na mwenzako akaitwa muongo. Hiyo njo ilikuwa mubaya kupita kitabu kuloa."

Mwalimu Honoré naye alisikiliza yote asubuhi iliyofuata, na hakuibatilisha sheria yake: Umuhoza hakuazimwa kitabu kingine muhula ule. Darasani alisimama akasema kwamba Bibiche hakusema uongo. Yule mvulana wa nyuma aliinamia dawati lake.

Kitabu kilichoharibika kilipaswa kurekebishwa, na kazi hiyo waliifanya wasichana wawili kwenye nyumba ya jibini. Bibiche alikishika juu ya mvuke wa sufuria ya maziwa, Umuhoza akapitisha kati ya kurasa ule uzi mwembamba wa kukatia jibini, mmoja baada ya mwingine, kwa siku nne. Kurasa mbili zilipotea kabisa. Nyingine zote zilisomeka, ingawa zilinuka jibini, na hata leo zinanuka.

Wanawake wakapata kusikia Bonde la Ukungu lenyewe. Sela alivuka peke yake, akiogopa kila hatua. Umuhoza alisoma neno kwa neno, na pale penye kurasa zilizopotea alisema wazi kwamba zimepotea, Bibiche akasimulia alichokumbuka. Sentensi ya mwisho ikaisha. Mama Jeannette alikiri kwamba ni nzuri, tena inauma. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, kama yule ng'ombe wa pembe moja alirudi kwa bibi au alibaki ng'ambo.

Umuhoza akamtazama Mama Thacienne. Mama Thacienne aliendelea kugeuza jibini yake, lakini alikuwa anatabasamu.

Umuhoza akafunga kitabu, akampa Bibiche akishike, akakaa vizuri.

"Hii haiko mu kitabu," alisema. "Ni yangu mimi, Umuhoza."

Na wanawake wote wanne wakasogea karibu.