Taa ya Ngazini

Fundi aliingia garini magharibi, mkanda wa taa begani na koleo mfukoni. Taa za mapambo hazijaribiwi mchana. Giza likianza kuingia ndipo unaona palipong'aa kupita kiasi na palipobaki kiza.

Gari lilikuwa la marehemu mumewe, basi dogo aliloling'oa viti akaweka kitanda, kabati na sinki. Sasa ndiyo nyumba yake yeye mjane, na hana nyingine. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, alilitaka tangu siku ya mazishi, na mchana huo alikuwa amepita tena kumtisha.

"Hilo lina mwenyewe, shemeji. Ukilala humo hutaamka. Nipe funguo mapema."

Fundi alikuwa amemcheka tu, na sasa aliendelea na kazi. Chini ya kabati alificha mkanda wa mwanga wa manjano, sinki lionekane bila kuumiza macho. Kichwani mwa kitanda aliweka taa ndogo ya kusomea. Ngazini, taa inayojiwasha mtu akipita. Ulibaki uvungu wa kitanda tu.

Alipopiga magoti, harufu ikamjia. Nywele zilizoungua...

Ko... ko... ko.

Uvunguni.

"Mke wangu..." Sauti ya marehemu, ileile, na mkwaruzo wake. "Zima taa... nipumzike."

Machozi yalimlenga, maana sauti ile aliikosa mno. Mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi. Halafu ukasita. Mumewe hakuwahi kumwita "mke wangu". Alimwita fundi, hata mbele ya wakwe. Tena mwanamume yule, na kifua chake chote, alikuwa hawezi kulala bila taa! Siri hiyo waliicheka wawili tu chumbani. Hata ndugu yake hakuijua.

"Muongo wewe," alinong'ona.

Maji ameshayavulia nguo, atayaoga. Akausukuma mkanda uvunguni, akaunga waya kwenye betri.

Mwanga ukajaa.

Palikuwa na kifurushi cha kitambaa cheusi, kikipanda na kushuka taratibu. Kilikuwa kinapumua. Akakibana kwa koleo, akakitupa nje mlangoni.

Taa ya ngazini ikawaka. Hakuna aliyepita. Gari likainuka kwenye springi zake, kama linavyoinuka mtu mnene akishuka.

Kifurushi kiliangukia miguuni pa shemeji. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi. Alikitazama, wala hakuuliza ni nini.

"Shemeji... bado upo?"

"Nipo. Ulitaka niwe wapi?"

"Zima hizo taa basi, tuongee."

"Humu hazizimwi. Panda, funguo hizi hapa."

Tamaa ilimshinda shemeji. Akakiruka kifurushi, akapanda. Taa ikawaka. Ikazimika.

Ikawaka tena.

Gari likainamia upande wa ngazi kuliko uzito wa mtu mmoja. Ile harufu ikarudi.

"Umekuja na nani, shemeji?"

Aligeuka nyuma. Uso ukamsawijika. "Nimekuja... peke yangu."

Fundi akarudisha funguo mfukoni. "Basi ondokeni nyote wawili."

Shemeji alishuka mbio. Taa ikawaka mara mbili. Kutoka gizani, nyuma ya vishindo vya miguu yake, sauti ya marehemu ilisikika ikiita polepole, bila haraka yoyote.

"Ndugu yangu... nisubiri..."

Fundi alifunga mlango kwa komeo, akaongeza mwanga.