Mlango wa Kijiji cha Mwisho

Mwanamke aliyepatwa na haya ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Akikohoa kwake, pole anaipata kwetu. Kazi yake ni kupima macho na kutengeneza miwani, ndiyo maana mtaa mzima tunamwita Kioo. Si mtu wa porojo. Siku alipokaa jikoni kwetu akamsimulia mama yangu, hakuna aliyemkatiza, na chai ilipoa vikombeni.

Ilianza Jumamosi ya kawaida kabisa. Kioo alifunga duka mchana, akafua, akaanika, akamkata mama yake kucha, kisha akafungua kompyuta. Kuna kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na kuisahihisha bila malipo, kwa mapenzi tu. Siku hiyo alitafuta humo makala ya Wabeba Taa, gemu ya utoto wake. Akakuta mistari mitatu, na mmoja wao ulikuwa uongo.

Katika gemu hiyo unavaa uhusika wa msafiri, unakusanya wenzako njiani, na mnapeleka taa kijiji hadi kijiji mpaka giza liishe. Kioo aliicheza na mdogo wake wa kiume, kitindamimba wa nyumba yao, wakigombania kidude cha kuchezea hadi mama anakificha juu ya kabati. Hawakuimaliza. Homa ilimchukua mdogo wake wakiwa wamebakiza kijiji kimoja, na Kioo hakuigusa tena. Kuisahihisha makala ile aliona ni kama kusafisha kaburi: hakuna anayekutuma, lakini ukipita ukakuta majani yameota, mkono hautulii.

Hakukaa peke yake muda mrefu. Kwenye ukurasa wa majadiliano, pale waandishi wanapobishana kabla ya kubadilisha neno, alitokea mtu aliyejiita Nukta. Alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kusahihisha magazeti, lakini alikuwa amestaafu kwa jina tu. Kila sentensi ya Kioo aliuliza chanzo chake. Gazeti gani lilisema? Nani alihojiwa? Kioo alimjibu siku moja kwamba akiendelea hivyo atataka chanzo hata cha jua kuchomoza. Nukta akamwandikia kwamba, naam, angependa kukiona.

Hapo ndipo urafiki ulipoanza. Walitafuta majarida ya zamani, wakapanga upya sehemu ya hadithi, wakaongeza habari za waliotunga muziki wake. Wakaja kugundua kwamba wanaishi mji mmoja, wakapeana namba za simu. Kioo akamwita Mzee, naye Nukta akamwita mwanangu. Siku moja, katikati ya maneno ya alama za mkato, Nukta akamweleza kwamba gemu ile aliinunua kwa ajili ya binti yake wa pekee. Gari lilimgonga binti huyo akitoka shule. Mkewe hakuweza kuibeba ile huzuni, akamfuata kabla mwaka haujageuka. Alisema hayo kwa sauti ileile aliyotumia kusahihisha tahajia, kisha akauliza kama ile aya ya tatu si ndefu mno.

Makala ilikuwa imekaribia kupewa hadhi ya makala bora pale sentensi ngeni ilipoingia.

Ilikaa mwisho wa sehemu inayoeleza vijiji. Nukta aliifuta kwa kukosa chanzo. Ikarudi. Kioo naye akaifuta. Ikarudi tena. Kila badiliko katika kamusi ile huacha alama ya aliyelifanya, jina au hata namba tu. Pale palikuwa patupu.

Kioo akampigia Nukta simu akiwa dukani, jua la mchana likiwa limejaa kwenye fremu za miwani. Akamwambia kuna mtu anawachezea. Akamsomea: "Katika kijiji cha mwisho kuna nyumba yenye mlango usiofunguka. Ukibisha, mtoto wa kiume aliye ndani huuliza, 'Dada, mama amesharudi?'"

Hakumwambia kwamba hayo ndiyo maneno ya mwisho ya mdogo wake hospitalini. Mama yao alikuwa ametoka kufuata blanketi. Chumbani walikuwa wawili tu, na Kioo hajawahi kumwambia mtu.



"Soma tena," Nukta alinong'ona. "Polepole."

Akasoma tena.

"Kwangu haijaandikwa hivyo, mwanangu."

"Imeandikwaje?"

Kioo alimsikia akivuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi. "Kwangu ni mtoto wa kike. Anauliza, 'Baba, mbona hukuja kunichukua?'"

Walikuwa wanatazama ukurasa uleule. Mstari uleule.

Hawakuifuta tena. Kesho yake sentensi nyingine ilikuwa imeongezeka chini yake, na hii waliisomeana neno kwa neno, ikawa moja kwa wote wawili: Mlango hufunguka kwa anayekubali kubaki. Mmoja akiingia, mmoja hutoka.

Nukta alisema jambo lisilo na chanzo dawa yake ni kwenda kuangalia. Binamu yake Kioo ni fundi wa redio na televisheni, na katika makorokoro yake alikuwa na mashine ya zamani ya gemu, na Wabeba Taa yenyewe, na mteja fulani alikuwa ameshafika kijiji cha mwisho akaachia hapo. Wakakutana Jumapili mchana. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonana uso kwa uso. Nukta alikuwa mwembamba, amevaa koti lililopigwa pasi vizuri na miwani iliyopinda upande. Kabla hata ya salamu kuisha, Kioo alimvua ile miwani akainyoosha. Fundi akacheka, akasema kweli mganga haachi mkoba.

Wakawasha.

Kijiji cha mwisho kilikuwa kidogo. Nyumba chache, kisima, mawingu ya bluu yasiyosogea. Kioo akamwongoza msafiri wake hadi nyumba ya pembeni. Mlango ulikuwepo. Mdogo, wa kahawia, na chini yake uzi wa mwanga.

"Mbona unagonga ukuta?" Fundi aliuliza.

Kioo akamsogeza msafiri karibu zaidi.

"Dada, hapo hamna mlango."

Kioo alimtazama Nukta. Nukta alikuwa anautazama mlango. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta.

Kioo akabisha. Maneno yakatokea, herufi moja moja, kama yanaandikwa na mkono usioijua kalamu vizuri. Dada. Kuna baridi. Kisha lile swali la hospitalini, na chini yake majibu mawili ya kuchagua: Ingia. Ondoka.

Televisheni ilikuwa imezimwa sauti. Lakini Kioo alisikia. Kikohozi. Kidogo, kikavu, cha mtu anayejizuia asiwaamshe wengine. Alikijua. Angekitambua popote duniani.

Kidole chake kikasogea chenyewe.

Mkono wa Nukta ukaja juu ya mkono wake, mwepesi kama karatasi. "Mama yako kesho atakula na nani?" alinong'ona.

Kioo alimtikisia kichwa tu mdogo wake asiyemwona, na kile kikohozi kikaendelea. Fundi, ambaye hakuwa ameona mlango wala kusikia kitu, lakini alikuwa ameziona nyuso zao, alichomoa waya ukutani.

Picha haikuondoka. Ilikaa. Mlango, uzi wa mwanga, na kivuli cha miguu midogo kikipita ndani. Ndipo ikazimika.

Nukta akaomba aiazime ile mashine. Alimwambia Fundi anataka kupiga picha za kuweka kwenye makala. Fundi alikuwa tayari kuitupa jalalani, akampa. Kioo alimvuta pembeni akamsihi asiiwashe, na mzee akamtuliza kwa maneno mengi mazuri, akisema mtu wa umri wake haogopeshwi na katuni.

Siku ya Jumanne Nukta alipita dukani kwa Kioo. Alisema miwani imelegea, lakini haikuwa imelegea. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa akazungumza juu ya makala, sehemu gani bado dhaifu, wapi pametajwa tarehe mbili zisizolingana. Alipoinuka alishika kitasa akasimama.

"Wewe unaye wa kumwekea sahani," alisema. "Mimi nyumbani kwangu nikizima redio, ndiyo basi."

"Mzee, ile ni gemu tu."

"Naam. Nikichelewa kujibu, mwanangu, usinifutie sentensi zangu."

Kioo alitaka kufunga duka amfuate. Lakini mteja aliingia na mtoto mwenye jicho jekundu, na alipomaliza kumhudumia, mzee alikuwa ameshapotelea mitaani.

Alhamisi mpwa wake Nukta alivunja mlango wa nyumba ya mzee. Ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Mzee alikuwa kitini, kidude cha gemu mapajani, kichwa kimeegemea kama cha mtu anayesikiliza. Daktari alisema ni moyo. Mpwa alimweleza Kioo jambo moja tu ambalo hakumweleza daktari. Umeme ulikuwa umekatika mtaa ule tangu jana yake, na mwili wa mjomba wake ulikuwa baridi kama sakafu. Mashine ilikuwa ya moto.

Kioo alirudi nyumbani akafungua makala. Zile sentensi hazikuwepo. Alitafuta kwenye kumbukumbu za mabadiliko yote, hazikuwahi kuwepo. Akaichukua mashine kwa mpwa, akaenda nayo kwa Fundi mchana kweupe, akamwongoza msafiri hadi nyumba ya pembeni. Ukuta. Akabisha mpaka Fundi akamwondolea kidude mkononi taratibu. Alimlilia mzee, akamlilia mdogo wake upya kana kwamba amefiwa jana, na mama yake alipouliza kuna nini, alisema vumbi la kusagia vioo limemwingia machoni.

Makala ilipewa hadhi yake. Hakuna sentensi ya Nukta iliyofutwa.

Arubaini ilipopita, mpwa alimwita aje achague kitabu cha kumkumbuka mzee. Nyumba ilikuwa tupu, inasubiri mpangaji. Wakati Kioo anatoka, mpwa alimshika mkono akamwonyesha mwimo wa mlango wa jikoni. Palikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, na kando ya kila mmoja mwaka, kwa mwandiko nadhifu wa msahihishaji. Ni urefu wa yule binti, tangu alipoanza kusimama. Mistari ilikuwa imefifia, na ilikoma chini kidogo ya kitasa, mwaka aliokufa.

Juu yake kulikuwa na mistari miwili myeusi, mipya, unga wa penseli ukiwa bado haujapeperuka.

Mpwa alisema wa kwanza alidhani ni mjomba wake aliuchora kabla ya kufa, kwa upweke. Akapaka rangi mwimo wote. Ilipokauka aliikuta mistari yote ipo, na huu mwingine juu yake.

Kioo alipiga magoti akaitazama kwa jicho la kazi yake. Mwandiko ulikuwa uleule. Na mwisho wa tarakimu za mwaka, palikuwa na nukta.

Nyumba ile haijapata mpangaji mpaka leo. Mpwa huenda kuifagia, na akirudi hupita kwa Kioo. Hawasemi mengi. Yeye huinua tu mkono na kumwonyesha mtoto amefikia wapi.