Picha Iliyoitwa Kadzo

Haya yalimpata rafiki yangu Nduku mwaka wa themanini na tisa, akiwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Malindi. Kazi hiyo aliipata kwa kumchongea Kadzo, karani aliyemtangulia. Kadzo alifukuzwa, akarudi kwao Matsangoni, na mwezi haukuisha akazikwa.

Picha ya Kadzo ilikuwa bado ikiwakaribisha wageni kwenye kioo cha mapokezi. Mchana mmoja meneja akamwambia Nduku, "Huyu maiti atawakaribisha wageni wangu mpaka lini? Mtoe kwenye kompyuta, uweke picha yako."

Kompyuta yenyewe ilikuwa katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Programu ilitambua picha yenye jina moja tu, KADZO, basi Nduku akaihifadhi yake kwenye disketi kwa jina hilo hilo.

Kanze, mfagiaji, akaliona jina kwenye kioo. "Nyinyi wabara," akasema, "mtu mnammaliza, kisha mnalivaa na jina lake."

"Fagia uende zako."

Kanze akatoka, akaubamiza mlango.

Mashine ikaanza kukwaruza, krr, krr, na picha ikashuka mstari kwa mstari. Zikaja nywele za Nduku, likaja paji lake, yakaja macho yake, yamekodoka. Hapo umeme ukakatika.

Nduku akapapasa gizani, akaichomoa disketi, akaikumbatia kifuani. Mezani mashine iliendelea kukwaruza, polepole, krr, krr, mpaka ikanyamaza yenyewe.

Umeme uliporudi, disketi ikiwa bado mkononi mwake, picha ilikuwa imekamilika. Uso wote ulikuwa wa Nduku. Macho yalikuwa yamefumbwa, na puani mlikuwa na pamba.